Springi Ndefu Upande wa Dereva

Shida zilituingilia mwaka 1996, nilipokuwa na miaka tisa. Juzi gerejini niliona springi yenye mstari wa njano, na harufu ya grisi ya alasiri ile ikanirudia puani.

Baba, fundi wa Mombasa, alikuwa kwenye siku ya majaribio katika gereji moja ya Lewisville, huku ughaibuni, nami nikiwa mkalimani wake. Akifaulu, kazi ni yake. Alikuwa akifunga springi za mbele za gari la jipu la mteja. Za kiwandani hazilingani, akanionyesha: yenye mstari wa njano ni ndefu kidogo.

"Hii hukaa upande wa dereva, mwanangu, maana huko ndiko kwenye uzito. Hilo nalijua hata nikilala."

Akaifunga kulia, kama alivyofunga kwetu miaka yote. Jeki iliposhuka, jipu likainama kushoto. Nikadhani limechoka, nikacheka. Sikujua kinachoinama pale ni kazi ya baba. Yeye alilizunguka, spana mkononi.

Bosi akaja, akasema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri: "Anauliza, dereva wa hapa anakaa wapi?"

Baba aliutazama usukani, uliokuwa kushoto, kana kwamba umehamishwa sasa hivi.

"Mwambie nafungua, nazibadilisha upande."

"Anasema twende nyumbani, baba."

Kazi ile baba hakuipata, na shule niliiachia darasa la tisa ili nisaidie nyumbani. Kila fundi mpya namuuliza kwanza dereva anakaa wapi. Leo nina gereji Mansfield, lifti tatu, gari la kuvuta mabovu, nyumba yenye ua, na springi ile niliyoiona juzi, yenye mstari wa njano, nimeitundika ukutani. Haiuzwi.