Mashine Yenye Malezi

Dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita yaya, alitunga programu ya mashindano ya maswali ya parokia yetu, pale Muhumba. Padri alikuwa amemwahidi kwamba mashindano yakienda bila udanganyifu, atapewa chumba nyuma ya kanisa afundishe kompyuta. Yaya alikitaka chumba kile kuliko alivyomtaka mchumba yeyote aliyewahi kufika nyumbani.

Maswali yalikuwa thelathini. Kompyuta iliachwa ukumbini wiki nzima ili vikundi vizoee vibonyezo na kuyasoma maswali. Majibu kila mtu akayatafute mwenyewe, kwa wazee au vitabuni.

Jumatatu, rais wa kwaya ya akina mama, muuza vitenge wa Nyawera ambaye parokia nzima ilimwita maman, alilifungua faili la programu yenyewe. Katikati ya alama zisizosomeka, majibu yote yalikuwa yamekaa wazi, moja chini ya jingine.

"Binti yangu," alimwambia yaya, "majibu yako umeyatandika inje sawa bitenge ku soko."

Yaya hakucheka. Mchana kutwa alikaa akisogeza kila herufi ya majibu hatua moja mbele: Idjwi ikawa Jekxj. Programu ingezirudisha yenyewe wakati wa kusahihisha. Nilimwambia hata mwanafunzi wa shule ya msingi angeifumbua siri hiyo.

"Wewe andika habari zako za redio," akanijibu.

Alhamisi, maman alipata thelathini kwa thelathini.

"Maman, umezifumbua herufi zangu?"

"Herufi gani? Miye nilijibu mubaya, yote. Kila mara mashine inaniambia, 'Pole, jibu sahihi ni hili.' Naandika, naanza tena. Iko na malezi kuliko wewe."

Ilikuwa kweli. Nyumbani kwetu hukumwambia mtu "hapana" ukamwacha amesimama hivyo hivyo, ulimweleza. Yaya alikuwa ameyaficha majibu kwa bidii, kisha akaifundisha mashine kuyatoa kwa upole.

Alikwenda kwa padri jioni ileile, akamweleza kila kitu, akijua chumba kinaweza kumponyoka. Padri alimsikiliza, akamwambia, "Tengeneza. Jumapili tutaona."

Akatunga maswali mapya. Safari hii herufi alizichanganya kwa neno la siri ambalo hata mimi hakunitajia, na zile pole zote akazifuta. Jumapili mashine ilisema "Hapana" kavu, na watu wakanung'unika kwamba inajibu sawa na karani wa ofisi. Kwaya ya akina mama ilishika nafasi ya tatu.

Padri alimpa yaya chumba, Jumanne na Alhamisi mchana. Somo la kwanza, maman alifika kabla ya mwalimu, akavuta kiti cha mbele.

"Anza na kuficha," alisema. "Kufichua najua tayari."