Mbavu za Babu, Kababu za Mama

Enzi zetu pale Kanyakine, nyama ilikuwa na siku yake, Jumapili, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Usiniulize nani alipanga. Mbavu zilikuwa za Babu, maini ya Baba, na sisi watoto tuligombania mchuzi. Watoto wa leo ukiwapa paja la kuku wanauliza mbona hakuna sosi. Sisi tulinusa tukashiba, au tulijifanya. Tukitoka kanisani tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka magoti yakawa mekundu kwa udongo, na harufu ya jikoni ndiyo iliyoturudisha nyumbani.

Babu, mzazi wa Baba, alikuwa na nyumba yake katika boma letu lakini alikula kwetu. Mwaka mmoja alianza kukonda. Majirani waliona, na kijijini mzee akikonda anayesemwa ni mke wa mwanawe. Mama alijua. Siku moja nilimkuta ameinamia jiko akijiuliza, "Kwani mimi namnyima nini?"

Hakuuliza mtu. Alianza tu kumtazama Babu akila, na akaona jambo ambalo sote tulikuwa tumelipita: mzee aliunyonya ubavu, akaugeuza, akapangusa mdomo, kisha akauteremsha polepole kwa mbwa chini ya kiti. Magego yalikuwa yameisha. Na Babu nilivyomjua, asingekubali mbele ya wajukuu kwamba mbavu zimemshinda.

Mama, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa amepanga chumba Majengo, kule Meru mjini, alifundishwa na jirani yake wa huko kupika kababu. Alipomweleza Baba, Baba alishtuka. "Utampa mzee nyama iliyosagwa? Atasema umemfanya mtoto."

Jumapili ilipofika Mama alinunua mbavu zile zile, akaikwangua nyama kwa kisu, akaikatakata juu ya ubao mpaka ikalainika. Ilikuwa kidogo, inaenea kiganjani. Akaongeza mkate wa jana uliolowekwa kwenye maziwa ukakamuliwa, kiazi kilichokunwa, kitunguu na dhania nyingi. Akalowesha viganja, akafinyanga madonge madogo. Hakukaanga, maana mafuta yalikuwa ghali na tumbo la mzee halikuyataka. Aliichemsha mifupa pamoja na nyanya, na supu ilipotokota akatumbukiza madonge taratibu. Yalizama, kisha yakaibuka yenyewe yakiwa yamevimba. Jamani, ile harufu. Nilimwona Mama siku hiyo kama mtu anayejua kila kitu duniani.

Alipakua bakuli la Babu: kababu chini, na juu yake akalaza ubavu mmoja. Baba alishika kijiko bila kula. Babu alilitazama bakuli.

"Hii ni sehemu gani?" akauliza.

"Ni mbavu, Baba," Mama akajibu. "Ni zako, kama kawaida. Nimezikata tu kabla hazijafika mezani."

Babu aliuchukua ubavu, akaunusa, akauweka pembeni kwa heshima zake. Kisha akala kababu. Alikula zote, na mbwa akangoja mpaka akachoka akaenda zake.

"Ongeza, mwari," akasema, akinyoosha bakuli.

Mwari kwetu ni binti. Miaka yote alikuwa akimwita Mama Kendi, kwa jina langu. Mama alichukua bakuli, akaingia jikoni, na akakawia huko kuliko kupakua supu kunavyohitaji.

Leo naishi Embu mjini. Nyama nauziwa imeshasagwa, friji imejaa, na wanangu wanazila kababu macho yakiwa kwenye simu, kidole kimoja kikiwa na mchuzi na kingine kikitafuta video. Sina ugomvi nao. Hata mimi simu yangu huwa karibu na sahani. Mkate, kiazi na dhania nilijifunza vizuri, na wageni hunisifu. Kilichonishinda ni kile Mama alichofanya kabla hajagusa kisu: alikaa akamtazama mtu akila. Mezani kwetu siku hizi tungeweza kukonda mmoja mmoja, tukiwa tumekaa pamoja, na hakuna ambaye angejua.