Bwana Merikani wa Mvunguni

Mwezi uliopita niliitwa Mkomani kupika biriani kwenye karamu ya nyumba moja kubwa, na nilipokuwa napeleka masinia sebuleni nikakutana uso kwa uso na Bwana Merikani. Karibu niangushe sinia. Ametundikwa ukutani, koti lake jeusi, kitambaa cheupe shingoni, macho yale yale ya mtu aliyenyimwa haki yake. Kifuani ana kovu refu, limeshonwa na kupakwa rangi juu. Chini yake kimewekwa kiti cha enzi cha mpingo, na kwenye mkono wa kulia wa kiti pana pengo, pana kama vidole viwili.

Mwenye nyumba hukusanya vitu vya kale. Alikuwa akiwaeleza wageni wake kwamba picha ile ilichorwa Marekani na ikaletwa pwani na wafanyabiashara wa nguo za merikani, miaka mingi kabla ya reli, na kwamba lile pengo ni pigo la upanga wa vita vya masultani. Wageni wakashangaa, mmoja akaligusa kwa kidole. Mimi nikaweka sinia, nikarudi jikoni, nikakaa juu ya gunia la mchele.

Wewe nakueleza kama ninavyomweleza rafiki niliyekua naye. Nimesoma hadi darasa la saba tu, na kumbukumbu zangu siziamini zote. Pengine nyingine nimezipaka rangi mwenyewe. Lakini lile pigo halikuwa la sultani. Lilipigwa Kisauni, baada ya alasiri, nami nilikuwa nimekishika kile kiti.

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa nyumba ya vishindo. Alfajiri nyanya alikuwa kinuni, akiutwanga mchele kwa mchi kana kwamba umemtukana. Uani mjomba alikuwa na nyundo. Chuoni, tulikosomea Kurani, nyumba ya pili, mwalimu alikuwa na bakora iliyochovywa mafuta, na tulikuwa tunajua kwa mlio wake tu ni mgongo wa nani. Hatukuona ajabu. Mtoto aliyepigwa alikuwa akipewa kikombe cha chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, na mambo yakaisha. Harufu ya tangawizi mpaka leo hunifanya nikunje mabega.

Mjomba alikuwa fundi wa samani za kale, na pia mkusanyaji. Alikuwa akizunguka Kisauni yote, akivuka mpaka Likoni, akiingia kwenye nyumba za watu wa zamani kutafuta makasha yenye njumu za shaba, vitanda vya samadari, viti vya enzi, saa za ukutani na picha. Vingine alivitengeneza kwa upole wa mtu anayemwogesha mgonjwa. Vingine alivivunja. Alikuwa akichukua vitanda viwili vibovu, akaviangusha uani, akavipasua kwa shoka, akatoa kimoja kizima. Vumbi la mbao za kale lilikuwa likitukaba koo. Mkono wake ulikuwa mwepesi: ukimpa patasi badala ya randa, kofi limeshafika kabla hujajua umekosea. Haki isemwe, alikuwa akitulisha sote, na siku za kuuza alileta halua na kunikatia mimi kwanza.

Alikuwa akinikatia mimi kwanza kwa sababu nilikuwa macho yake. Kwetu mwanamume wa nje hapiti sebule. Vyumba vya ndani ni vya wanawake, na yaliyomo ndani hayajui hata rafiki wa mwenye nyumba. Basi mjomba alikuwa akinituma mimi, msichana wa miaka kumi, na sahani ya mkate iliyofunikwa kawa. Naingia, natoa shikamoo, naitwa mpaka chumbani, natazama. Nikirudi ananiuliza: kitanda cha namna gani? Kasha lina njumu ngapi? Kisha ananipa mabuyu ya sukari na rangi, na mimi napita mtaani na ulimi mwekundu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alikuwa akiniambia, akicheka. Aliyekuwa akiinama ni mimi.

Jirani yetu alikuwa mjane, mtu wa nyumba ya wafanyabiashara wa zamani, aliyebakiwa na mwana mmoja tu. Mwanawe alikuwa akipakia malori bandarini Kipevu. Kijana mkubwa, mpole. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitubeba wawili wawili mabegani. Nasema hili mapema ili usije ukamhukumu kwa nitakayoyasema baadaye. Sebuleni kwao kulikuwa na kile kiti cha enzi, na kila mtu alikijua. Babu yake alikikalia siku ya harusi yake, na babake pia, na yeye alikuwa amebakiza mwezi mmoja aoe.

Siku moja ya masika nilipeleka mkate kwa yule mjane. Mvua ilishuka kama mawe. Paa lake la makuti lilikuwa limeoza, maji yakawa yanamwagika juu ya kitanda. Akaniambia niingie mvunguni nimvutie kilichomo kisije kikalowa. Nikatambaa. Nikashika fremu, nikavuta, na uso wa mtu ukanitokea gizani umenikodolea macho. Nilipiga ukelele nikajigonga kichwa. Mjane alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia huyo ni Bwana Merikani. Babu wa mumewe alipewa picha hiyo na tajiri wa Marekani aliyemuuzia majora ya nguo, na haitundikwi kwa kuwa malaika hawaingii chumba chenye sura ya mtu. Lakini haitupwi, kwa kuwa ni zawadi. Kwa hiyo hulala mvunguni, kifudifudi. Hata mwanawe aliwahi kuiona mara moja tu, udogoni. "Mwanangu," akaniambia, "hii ni siri ya nyumba."

Nilisema abee. Na jioni ile ile nikamwambia mjomba. Nimejaribu kukumbuka kama alinipiga ili niseme. Hakunipiga. Alinipa mabuyu.

Baada ya siku tatu mkokoteni wa mabati mapya ulisimama kwa mjane, na mjomba juu yake na misumari mdomoni. Akaezeka nyumba nzima kwa mikono yake. Alipomaliza alitaka kiti na Bwana Merikani. Mimi sijui thamani ya vitu vile, kwa hiyo siwezi kusema alimdhulumu. Mjane alikuwa amechoka kulala kwenye maji, na mkwe alikuwa yuaja. Alitaka mkwe aingie nyumba kavu. Alikubali. Alimuuliza mjomba amejuaje habari ya picha, naye akacheka tu, akapakia.

Kicheko kile ndicho kilichokata, si panga lililokuja baadaye. Kwa maana watu waliokuwa barazani waliiona picha ikitolewa, wakaulizana ilikuwa wapi siku zote. Mvunguni. Mvunguni mwa kitanda cha nani? Na fundi alijuaje? Kijana aliporudi kutoka Kipevu, kabla hajafika kwake, mmoja alimwita akamwambia, "Mwanangu, paa zuri. Lakini muulize fundi amejuaje kilicho chini ya kitanda cha mamako."

Sisi tulikuwa uani. Mjomba alikuwa akikisuka upya kiti kwa kamba, mimi nimeshika mguu wa kiti kisiyumbe, nanyonya buyu. Bwana Merikani alikuwa ameegemezwa ukutani juani, akikauka. Kijana aliingia bila hodi. Panga alikuwa amelishika chini, kama mtu anayekwenda kukata majani ya mbuzi, ndipo hata nyanya hakushtuka. Akaenda moja kwa moja kwenye picha akampasua Bwana Merikani kifua. Turubai ililia kama nguo mpya inayochanwa dukani. Kisha akageuka.

"Umeingia chumbani kwa mamangu?"

"Sijaingia," mjomba akasema.

"Basi nani alokwambia?"

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mjomba alijua. Neno moja lingetosha: huyu mtoto. Lingemtoa yeye lawamani, lingemtoa na mjane. Alinitazama. Sikumbuki uso wake ulikuwa wa namna gani. Nimeutafuta miaka yote na kila nikiupata nauona tofauti. Mimi mdomo ulikuwa umejaa buyu. Sikulitema, wala sikulimeza.

"Nani, wewe mwana wa haramu, nani alokwambia?"

Mjomba akaweka mkono juu ya mkono wa kiti ili ainuke. Panga likashuka.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya nyanya akikata muwa. Vidole viwili viliruka vikaangukia kwenye takataka za randa, na panga likakwama kwenye mpingo. Kijana alikuwa akilivuta kwa mikono miwili, akitukana, machozi yanamtoka, na mjomba ametulia anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndipo nikasema, "Ni mimi. Ni mimi niloingia mvunguni."

Kijana akaliachia panga. Nasema kwa haki: aliliachia. Alinitazama mimi, akautazama ulimi wangu mwekundu, mikono ikamwanguka. Na mjomba akaokota patasi kwa mkono wa kushoto akamchoma nayo paja, akaizungusha. Hilo nalo lilitokea. Mtu ninayempenda alimchoma mtu aliyekwisha kuacha.

Nyanya alitoka na mchi. Alimpiga kijana mgongoni, akampiga na mjomba, mwanawe wa kumzaa, kwenye kiwiko mpaka patasi ikamtoka. Kisha akamwaga unga wa kahawa kwenye vidonda vya wote wawili, kutoka mkebe mmoja. Kuku alikuwa amefika kwenye vile vidole. Nyanya alimrushia mchi, akamvunja shingo. Hakuna aliyemla yule kuku. Majeruhi walipelekwa hospitali kwa mkokoteni ule ule uliobeba mabati, wamelazwa ubavu kwa ubavu.

Kesho yake nyanya alinishika sikio akaniburura mpaka barazani mbele ya wale wanaume, nikasema kwa sauti kwamba aliyeingia chumbani ni mimi, nilitumwa mkate nikatazama yasiyonihusu. Alinichapa pale pale. Wengine waliamini. Wengine hawakutaka kuamini, kwa maana uongo ulikuwa na ladha zaidi.

Harusi ilifanyika. Bwana harusi alikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu ameunyoosha. Mjane alirudishiwa kiti chake akakikataa. Alisema hawezi kumkalisha mwanawe juu ya damu. Mjomba hakusuka tena, kwani kamba hutaka vidole vyote. Viliuzwa vyote viwili, kiti na picha, kwa mtu wa kutoka ng'ambo ya kivuko.

Mjomba alipokuwa mgonjwa wa mwisho, nami ni mama mtu mzima, nilimuuliza kwa nini hakunitaja siku ile. Nilitaka aseme alinihurumia. Na moyoni nilikuwa nimekwisha kujiandaa, pengine atasema alikuwa akiilinda biashara yake, kwani nani angemfungulia mlango tena mtoto wake wa mkate? Aligeuza uso akanitazama. Kisha akasema, "Nalikuwa nakungoja wewe useme."

Sikujua, na mpaka leo sijui, kama ile ilikuwa heshima au adhabu.

Basi siku ile ya Mkomani mwenye nyumba alikuja jikoni kuisifu biriani. Nikamwambia kabla hajamaliza, maana najijua, nikingoja nitanyamaza. Nikamwambia lile pengo ni la vidole vya mjomba wangu.

"Lakini aliyeniuzia aliniambia ni vita, mama."

"Vilikuwa vita," nikasema. "Ila alovianzisha ni mtoto wa miaka kumi."

Alicheka kidogo, kisha akaniangalia akaacha. Akauliza kama angeweza kuwaeleza wageni. Nikamwambia awaeleze, lakini aeleze pia kuhusu mabati, na kwamba kijana aliliachia panga. Sijui kama alieleza. Nilisikia wakicheka, lakini huenda ilikuwa kwa jambo jingine.

Nilipita Kisauni nikienda nyumbani. Kwa nyanya sasa ni ghorofa ya kupangisha, kwa mjane ni duka la vifaa vya simu. Vyumba vya ndani havipo tena. Siku hizi watu wenyewe hupiga picha kitanda chao na vyote vilivyomo chini yake wakavituma kwa watu wasiowajua, na hakuna anayehitaji mtoto wa kutambaa. Sisemi ni vibaya. Vidole vinasalimika.

Lakini nakumbuka jinsi mjane alivyoishi miaka kumi na mmoja chini ya paa lile jipya, kavu, bila kunitukana hata mara moja. Kila nilipompelekea mkate aliupokea kwa mikono miwili, akaniombea dua, akaniuliza habari za nyanya. Akaupokea mlangoni. Mvua hata ikinyesha vipi, nilikuwa nikisimama nje, naisikia inavyopiga mabati.