Sufuria za Majirani

Nilirudishwa nyumbani kutoka hospitali nimekonda hadi pete ya mama ilinipwaya kwenye kidole gumba. Ilikuwa homa ya matumbo, na habari hiyo ilifika uani kabla yangu. Hata hivyo majirani walileta chakula: uji wa mtama, viazi vya kuponda, mchuzi wa kuku uliochujwa. Kila mmoja alileta kwa sufuria yake ndogo, yenye alama ya rangi ya kucha chini ya kitako. Ndivyo wanawake wa mtaa wetu walivyofanya, maana vyombo vyote vilichanganyika kwenye arusi na matanga, na lazima kila kimoja kirudi kwa mwenyewe.

Sasa tulikuwa tunahama. Baba, ambaye ni dereva, alikuwa amepata vyumba viwili Kayole, na lori lingekuja Jumamosi. Mama hakuniruhusu kubeba chochote. Nilikaa kitandani nikimtazama kaka yangu akitupia vikombe ndani ya karai kama anayetupa mawe, na ngozi ikaniwasha. Mengi ninayoyajua nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima. Mtu wa namna hiyo huogopa sana kukosea, kwa kuwa hana mwalimu wa kumsingizia.

Sufuria za majirani zilikuwa zimerundikana chini ya meza. Hakuna aliyekuja kuchukua yake. Mama alisema sufuria iliyoletewa mgonjwa haidaiwi. Mimi niliamini kwamba wananiogopa. Kwetu sufuria hairudishwi tupu, kwa hiyo ingebidi majirani wale chakula cha nyumbani mwetu, kutoka kwenye vyombo nilivyotumia kula nikiwa mgonjwa. Wangekula? Sikutaka kuondoka kwenye mtaa nilimozaliwa bila kulijua hilo, na nililiogopa jibu kuliko nilivyoiogopa homa yenyewe.

Ijumaa, mama alipokwenda sokoni, nilizichemsha zote, kisha nikazisugua kwa majivu na waya, ndani na nje, hadi nikaona pua yangu.

"Siste, unaziosha ama unazitoboa?" kaka yangu akauliza.

"Nyamaza."

"Sawa. Lakini hapo, ya Mama Mswahili ni gani?"

Nikageuza moja, kisha nyingine. Nyekundu, waridi, zambarau, alama zote zilikuwa zimefutika. Sufuria zilifanana kama mayai. Nikaketi sakafuni nikalia, na kaka yangu akaacha mzaha, akaanza kufunga vikombe kwa magazeti, kimoja kimoja.

Mama alirudi, akaziangalia, akacheka mpaka akaweka kikapu chini. Akapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe, akajaza kila sufuria sawasawa na kuzipanga kwenye benchi nje ya mlango.

"Waje wachague," alisema.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Mswahili, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yangu ipi?"

Nikamweleza kila kitu kwa pumzi moja: kuchemsha, majivu, rangi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Basi umezivua nguo zote," alisema.

Mke wa mchongaji vinyago, anayeishi ng'ambo ya bomba la maji la uani, alikuwa amekuja nyuma yake na mtoto mchanga mgongoni. Aliinua moja. "Yangu ina kibonyo. Hii hapa."

"Hiyo ni yangu," Mama Mswahili akasema. "Lakini chukua, dada. Usije ukasema Waislamu wamekuibia sufuria."

Walicheka wote wawili, na mke wa mchongaji akashukuru na kwenda zake. Mama Mswahili aliketi kwenye benchi, akafunua sufuria iliyokuwa karibu naye.

"Nipe kijiko."

"Vijiko vimefungwa, mama."

"Vifunguliwe."

Kaka yangu akafukua kijiko kutoka kwenye karai. Mama Mswahili akakifuta kwa pembe ya leso yake, akala. Alitafuna polepole. Nilipaswa kumwangalia yeye, maana hilo ndilo nililokuwa nimelitamani wiki nzima. Macho yangu yalikuwa bombani. Mke wa mchongaji alikuwa amehamishia muthokoi kwenye sahani, na sasa alikuwa anamimina maji ya moto kutoka kwenye birika ndani ya ile sufuria. Akayamwaga kwenye mtaro. Akamimina tena.

Nilijua mimi ningefanya vivyo hivyo, na pengine ningemaliza birika nzima. Bado iliniuma. Nilitaka kuvuka ua nimwambie kwamba nilikwisha kuzichemsha.

"Mwache," Mama Mswahili alisema, mdomo umejaa. "Ana mtoto mchanga."

"Lakini nilizichemsha."

"Najua. Umeniambia. Mwache."

Nikajaribu kumwacha. Haikuwa rahisi. Niliketi kando ya Mama Mswahili, nikamshikia kifuniko hadi alipomaliza.