Goretti na Mzee Aliyekuwa Zimwi

Goretti Nahimana alizaliwa Rumonge, Burundi, akakulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na nywele zake za kwanza za mvi alizing'oa mbele ya kioo cha bafu Alexandria, Virginia. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Aliwaogesha, aliwapikia uji wasioujua, aliwasikiliza wakimwita kwa majina ya dada zao waliokufa. Mumewe, Yohan, alikuwa akifanya kazi kwenye maegesho ya magari ya hoteli moja, na wote wawili walirudi nyumbani miguu ikiwawaka moto.

Siku moja Chelagat, Mkenya aliyekuwa msimamizi wake kwenye kampuni ya wahudumu, akampigia simu.

"Mama Goretti, nimekupatia client mpya, Annandale. Mjapani, Mzee Kuroiwa. Amepata stroke, mkono na mguu wa kushoto ni weak. Ni mpole, lakini haongei. Usichukue personal."

Akapanda basi, akaenda. Mlango ulifunguliwa na Emi, binti wa yule mzee, aliyekuwa na haraka ya kwenda kazini. Baba yake alikuwa amekaa sebuleni mbele ya televisheni. Goretti akatupa jicho kwenye kioo. Dude lenye magamba na pembe tatu lilikuwa likibomoa mji, likitema moto, na watu wakikimbia wakipiga kelele kwa lugha asiyoijua.

Goretti alikuwa mtu wa kanisa, tena wa maombi ya kufunga. Akasema, "Katika jina la Yesu," akachukua rimoti, akazima.

Mzee akanyoosha mkono wake mzima, akawasha. Goretti akazima. Mzee akawasha tena, na safari hii rimoti akaikalia. Wakatazamana. Ndani ya televisheni akatokea shujaa mwenye mwili wa fedha, mrefu kuliko maghorofa, akalishika lile dude kwa pembe na kulibwaga chini. Mzee akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayekagua ukuta alioujenga zamani.

Mambo yakaenda hivyo kwa wiki kadhaa. Mzee alikula vizuri, akakubali kuogeshwa, lakini mazoezi ya viungo aliyoagizwa hakuyataka, na kila asubuhi mazimwi yalikuwa pale pale. Mwishowe Goretti akamwuliza Emi kwa nini baba yake anapenda kutazama mashetani.

Emi akacheka. "Si mashetani, ni kipindi cha zamani cha watoto. Na huyo ni baba."

"Baba yako? Yule wa fedha?"

"Hapana. Yule anayepigwa."

Goretti akamgeukia mzee. Kwa mara ya kwanza akamwona akitabasamu, nusu ya uso tu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa bado imelala.

Tangu siku hiyo walitazama pamoja. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini kiliwatosha. Mzee alimweleza kwamba vazi la zimwi lilikuwa la mpira, zito kama mtu mzima, na ndani yake hewa ilikuwa haba. Alikuwa akiona kupitia vitundu vilivyofichwa shingoni. Mji ulikuwa wa maboksi na plasta, moto ulikuwa moto kweli. Mara nyingine walimtoa mle ndani akiwa amezimia, wakamwaga jasho kutoka kwenye miguu ya vazi kama maji ya ndoo. Watoto wa Japani nzima walimpenda yule wa fedha. Yeye hakuna aliyeijua sura yake.

"Hukuona uchungu?" Goretti akamwuliza.

Mzee akafikiri. "Kazi yangu kuanguka. Nikianguka vibaya, yeye haonekani ana nguvu."

Jioni Goretti alimsimulia Yohan. Yohan alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Umeshazoea sasa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Kipupwe kilipokwisha ukaja mwaliko. Wapenzi wa vipindi vya zamani vya Kijapani walikuwa na mkutano wao katika hoteli moja Alexandria, na mmoja wao alikuwa amegundua kwamba mtu wa ndani ya mazimwi anaishi jirani. Mzee alikataa. Emi akambembeleza, akachoka. Goretti hakubembeleza. Alimwambia tu kwamba kama anataka kwenda, itabidi afanye mazoezi ya mguu, kwa sababu yeye hatamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mbele za watu kama toroli la sokoni. Mzee akanuna siku nzima. Kesho yake akauliza viatu vyake vya mazoezi viko wapi.

Siku ya mkutano walimketisha kwenye meza yenye picha zake za ujana. Karibu na hapo alisimama kijana aliyevaa vazi la yule shujaa wa fedha, na foleni ya kupiga naye picha ilizunguka ukumbi. Kwenye meza ya mzee walipita wachache, wakasoma kibao, wakatabasamu kwa adabu, wakaenda zao. Goretti aliona jinsi mzee alivyokuwa akiwafuata kwa macho. Akajifanya kukunja vizuri blanketi la magotini.

Ndipo akaja mwanamume mmoja mnene, wa makamo, machozi yakimlenga. Alisema utotoni alikuwa akilia kila mara zimwi lile la pembe tatu lilipokufa, na ndugu zake walimcheka. Akauliza kwa heshima: Mzee anakumbuka lilikufa vipi?

Mzee alimwangalia Goretti. "Mimi kusimama," akasema.

"Baba, usithubutu," akasema Emi.

Goretti alitazama viatu vya mzee, akatazama zulia, akaukaza ule mkanda wa kiunoni ambao wahudumu humshikia mgonjwa. Alijua kinachotakiwa kufanywa, na alijua pia kwamba Chelagat angesema hapana. Akamwinua. Akamwita yule kijana wa fedha, akamwambia, "Njoo umpige, lakini usimguse."

Kijana akarusha ngumi hewani. Mzee akapepesuka. Mkono wake mzima ukapanda, vidole vimekunjwa kama makucha, kichwa kikarudi nyuma, nusu ya mdomo ikafunguka bila sauti. Akageuka robo, akaanza kushuka. Goretti akashuka naye, mkono kwenye mkanda, paja lake likiwa chini ya mgongo wa mzee, mpaka akamlaza kwenye zulia taratibu kama mtoto aliyesinzia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na foleni ya shujaa ikavunjika, watu wote wakamiminika upande wao.

"Mzee, inuka sasa," Goretti akamnong'oneza.

"Bado," akasema mzee, macho kafumba. "Wanapiga picha."

Video ya tukio hilo ilienea mtandaoni. Tatizo ni kwamba iliyoenea ilikuwa imekatwa: ilimwonyesha mgonjwa wa kiharusi akianguka na mhudumu mweusi akiwa juu yake. Jumatatu Chelagat akapiga simu.

"Mama Goretti, umeniweka pabaya. Watu wanauliza. Kwa sasa usiende Annandale."

Goretti alikaa nyumbani. Aliogopa, usiku alimwomba Mungu amlindie kazi, lakini kila alipojaribu kutubu alikwama, kwa sababu hakuona alichokosea. Annandale nako mzee aliikalia rimoti tena, akagoma kula kwa mikono ya mhudumu mwingine. Emi ndiye aliyekwenda ofisini na video nzima iliyokuwa kwenye simu yake. Chelagat aliitazama mara mbili, pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mtaalamu akasema hajawahi kuona mgonjwa akiteremshwa chini vizuri namna ile.

"Ungeniuliza kwanza," Chelagat akamwambia Goretti alipoitwa.

"Ungenikataza, dada."

"Ningekukataza, ndiyo."

"Basi."

Akapewa onyo, akarudishwa. Mtaalamu akaweka kushuka chini na kuinuka katika mazoezi ya mzee, na hayo hakuyagomea hata siku moja. Walipata majira mazima ya joto hivyo, pamoja na barua za watu wazima waliokuwa wakililia zimwi utotoni. Emi alizisoma kwa sauti wakati wa chai.

Majani yalipoanza kupukutika, kiharusi cha pili kikamchukua mzee akiwa usingizini. Kwenye mazishi Goretti alitafuta kiti cha nyuma, Emi akamfuata, akamshika mkono na kumketisha mbele, pamoja na familia. Yohan alikuja naye, amevaa suti ya kuazima.

Wiki iliyofuata Chelagat alimpa mteja mpya, Lanham, mwalimu mstaafu mwenye kisukari na maneno mengi. Safari ni ndefu, basi, treni, basi tena. Goretti huondoka kukiwa bado na giza, amebeba chakula chake kwenye kopo.