Jioni Mjomba Alipoimba Tena

Harufu ya mazutu, jenereta inapokohoa kabla ya kushika, hunirudisha kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli pale Kindu, palipokuwa na televisheni pekee ya mtaa wetu. Jioni moja tulijazana humo, tukibanana jasho kwa jasho, kumtazama mjomba Ramazani, mdogo wake mama, akirudi jukwaani.

Zamani aliimba roki. Alivaa suruali za kubana, akaruka na gitaa lake hadi mbao za jukwaa zikalia, na wazee wa msikitini wakasema kijana huyu ana siafu mwilini. Kisha Chama kikakataza mambo ya kigeni, naye akanyamaza miaka mingi. Mwishowe watu wa Chama walimchukua hadi Kinshasa, akaimbe katika kundi la kumsifu Kiongozi. Tangu hapo Bibi, mama yake, hakupata habari. Alikuja ukumbini kwa jambo moja tu: ajue kama mwanawe ni mzima, na kama atarudi.

Vijana wa Chama walifunga mlango. Jina la Kiongozi likiimbwa, wote tulisimama na kupiga makofi, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

Mtangazaji alitaja jina jipya la kizalendo ambalo hatukulijua. Akatokea mjomba, koti limefungwa vifungo hadi shingoni, miguu imetulia kama nguzo.

“Njo yeye?” Bibi aliuliza.

“Njo yeye, mama,” mama yangu alimjibu.

“Sasa juu ya nini haruki? Wamemufunga miguu?”

Watu wawili walicheka, kisha wakatazama chini. Mama alimfinya Bibi mkono, lakini Bibi alikwisha kuinuka, akaita kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto Lualaba: “Ramazani! Mutoto yangu! Rudia ku nyumba!”

Makofi yalikatika. Kijana wa mlangoni aligeuka. “Nani amesema vile?”

Mama alipiga kigelegele. Akajitosa katikati ya ukumbi, akizungusha kiuno, akiimba maneno yaleyale: “Rudia ku nyumba!” Jirani yetu mama Zaina akaitikia, kisha wanawake wote wakapokea, wakipiga makofi kwa mpigo mmoja, wakitia jina la Kiongozi kila baada ya kiitikio. Kijana alibaki ameduwaa. Kuwanyamazisha kungekuwa kulikatiza jina hilo. Naye akaanza kupiga makofi.

Tulicheza hadi matangazo yalipokwisha na mlango ukafunguliwa. Mimi, mtoto bado, niliona ni sherehe nzuri kuliko zote. Nyumbani nilimwuliza mama kama kesho tutacheza tena. Alikuwa akiloweka viganja vyake katika beseni la maji baridi.

Mjomba hakurudi. Tulimwona tena mara nyingi kwenye televisheni ile, akitabasamu, na kila mara nilijiambia kwamba huko aliko ana raha. Nilikuwa mtu mzima, nami nina watoto, nilipotambua nilikuwa nimeliona wapi lile tabasamu: usoni mwa mama, jioni ile, alipokuwa akicheza.