Kochi Langu kwenye Bima ya Wifi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Madaha. Jina limemkaa. Hata akienda dukani kununua uzi, huvaa kama anakwenda kuozesha mwana. Nampenda, lakini maringo yake yamenitoa jasho, jamani.

Mwaka jana aliamua kuikatia bima nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kampuni ikasema itamtuma mkaguzi. Madaha yeye alisikia neno moja tu: mgeni! Asubuhi hiyo akalibeba kochi langu jipya, akaazima jokofu na televisheni kwa jirani, zulia kwa dada yake. Mkaguzi akakaribishwa, akanywa chai, akaandika kila alichokiona. Ada ikaja ya kitajiri. Madaha akalipa huku anatabasamu.

Mwaka huu ada ikapanda, na tabasamu likaisha. Akaja kwangu akajitupa kwenye kochi lile lile.

"Wifi, bima naiacha. Siiwezi."

"Uiache? Nyumba iliyo nyuma ya kwako imeungua juzi kwa shoti ya umeme, na nyaya zako ni za enzi hizo hizo! Yako ikiungua utakaa wapi, kwangu?"

"Kwako kuna nini?"

"Kuna kochi ulilolikatia bima!"

Akanuna. Halafu akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Nyumba ile ndiyo kila kitu alichonacho. Nikamweleza bila kumung'unya maneno: unalipia vitu vya watu, na vikiungua hupati hata senti kwa sababu si vyako. Mwite mkaguzi arudi aone hali halisi.

"Aone sebule tupu? Afadhali nife."

"Kufa ukipenda, ila kwanza piga simu."

Alipiga. Kabla mkaguzi hajaja, akamwita fundi umeme abadilishe nyaya zote, akatundika mtungi wa kuzimia moto jikoni. Siku yenyewe mimi nilisimama mlangoni kama askari, lisije likaingia zulia la mtu.

Mkaguzi akatazama viti viwili vya mbao na mkeka. "Mama, umeibiwa?"

"Vimerudi kwa wenyewe," Madaha akasema, kichwa juu. "Vilikuja kukusalimia wewe."

Yule baba alicheka hasa. Akavifuta vitu vya kuazima kimoja kimoja kwenye orodha yake ya mwaka jana. Kisha akagundua kuwa Madaha alimtajia thamani ya nyumba pamoja na kiwanja. "Ardhi haiungui, mama. Tunaangalia gharama ya kulijenga jengo upya, basi." Akapunguza. Akapunguza tena kwa ajili ya nyaya mpya na mtungi. Mwisho akamuuliza kama yuko tayari kubeba mwenyewe hasara ndogondogo, ili ada ishuke zaidi.

"Kioo kikivunjika nitanunua," Madaha akajibu. "Nyumba ndiyo siwezi kununua nyingine."

Ada ikabaki chini ya nusu. Nilitaka kupiga vigelegele. Mkaguzi akainuka kuaga, akaliona pazia la kwenye kona, akaomba kuchungulia. Nyuma yake kulikuwa na cherehani kuukuu, rangi imebanduka, mguu wa meza umefungwa kwa waya.

"Hii nayo ya kuazima?"

"Hiyo yangu. Ndiyo inayonilisha."

"Mbona mara ile sikuiona?"

Madaha akalishika pazia kama anataka kulirudisha. Nami nikapiga hesabu. Mwaka mzima amelipia kochi langu, na cherehani ingeteketea asipate fidia hata ya sindano.

"Niliificha," akasema polepole. "Niliona aibu."

Mkaguzi akarudi kukaa, akaiandika. Ada ikapanda kidogo, na Madaha akalipa huku anatabasamu, safari hii tabasamu la kweli. Pazia alilishona likawa mto wa kiti. Cherehani iko sebuleni, pale pale lilipokaa kochi langu, na mgeni akiingia anaoneshwa hiyo kwanza.